Geji ya Ukutani

Mliponiaga mwezi uliopita mlinipa ndafu na saa ya ukutani. Saa niliifungua nilipofika nyumbani, nione kama ndani kuna mashine kweli au mmenifungia mishale mitupu. Mashine imo. Nashukuru. Ndafu sikuwa na shaka nayo kwa sababu yule mbuzi nilimwona akiwa hai.

Siku ile mlitaka niseme neno, nikasema yale ya kila mstaafu: vaeni barakoa, naweni mikono kabla ya kula, Mungu awabariki. Kisha nikaketi. Niliwaona wengine mkitazamana kama watu waliotegemea zaidi. Zaidi ilikuwepo, ila ilinikwama. Ndiyo ninayoiandika hapa, kwa ajili yenu mnaoendelea kupaka rangi magari pale Ngarenaro. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Nitaeleza upepo. Rangi mtu yeyote anaweza kuinunua dukani, lakini upepo wa kuirushia lazima uujue mwenyewe, na mimi kuna wakati nilijidai naujua.

Mjue kwanza kwamba mimi ni mtu wa mashaka. Mke wangu, Mama Upendo, husema hata chai yake naichungulia kabla ya kunywa. Ni kweli naichungulia. Kuna siku nilikuta nzi.

Nilikuja mjini kutoka Kikatiti, kijana wa nyumba ya kahawa na migomba, na kitu pekee nilichowahi kushika chenye kurusha kilikuwa bomba la mgongoni la kupulizia dawa mibuni. Nilidhani kazi ni ileile, ukubwa tu ndio tofauti. Fundi mkuu wa rangi wakati huo alikuwa Mzee Salimu, mtu wa Tanga, mpole, mwenye kofia ambayo haikuwahi kuingiwa na tone la rangi. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lete mkono."

Akachukua bunduki ya rangi isiyo na rangi ndani, akanipulizia upepo mtupu kiganjani. Akawa anaisogeza karibu, anaisogeza mbali. "Hapa unasukumwa," akasema. "Hapa hufikiwi. Na hapa katikati unaguswa tu. Rangi inataka kutua hapo." Ilikuwa kama shubiri moja kutoka kwenye nozeli. Wiki tatu nzima sikupewa rangi. Nilipuliza maji kwenye kipande cha bati mpaka mkono ukajua kwenda sawa bila kupinda kifundo.

Mwezi uleule alikuja mwanafunzi mwingine, Loishiye, Mwarusha kutoka upande wa magharibi wa Mlima Meru, kwao ng'ombe na mahindi. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na alikuwa na tabia ya kukutazama mpaka umalize kusema, halafu akae kimya kidogo ndipo akujibu. Tulipanga chumba kimoja, tukala ugali mmoja. Nilipofunga ndoa alikuwa msimamizi wangu, na binti yetu Upendo alipobatizwa, Loishiye ndiye alisimama kama baba yake wa ubatizo. Mama Upendo alimwita shemeji, na akija nyumbani alimpikia ndizi kabla hajaniuliza mimi nataka nini.

Sasa bunduki yenyewe. Nyinyi wengi mnaijua, ila kuna mmoja kati yenu, simtaji, anaizungusha kama anatafuta stesheni ya redio. Ina skrubu tatu. Ya juu hupanua au kubana umbo la rangi inayotoka. Ya kati, nyuma ya kifyatulio, hupima rangi. Ya chini kwenye mshikio hupima upepo. Upepo ukizidi, rangi inakauka njiani na kufika kama vumbi, ukipapasa mlango unakwaruza. Upepo ukipungua, bunduki inatema mate, matone yanatua makubwa, na gari linatoka na ngozi kama ganda la chungwa. Ndiyo maana kabla ya kugusa gari unabandika gazeti ukutani, unafyatua mara moja, na kulisoma lile umbo. Likiwa refu kama yai lililovutwa, kingo zake laini, endelea. Likinenepa katikati, rudi kwenye skrubu.

Mzee Salimu alipokuwa anarekebisha skrubu zake alitugeuzia mgongo. Kila mara. Ukisogea upande huu naye anageuka. Nilimwuliza siku moja kwa nini, akasema fundi anayeonyesha mkono wake kesho atakuta mkono huo umehamia kwa mwingine. Kwa hiyo kwake nilijifunza mambo mawili kwa mpigo, kupaka rangi na kuwashuku watu. La pili nilifaulu vizuri zaidi.

Wiki yake ya mwisho kabla ya kurudi Tanga, mzee alinivuta nyuma ya kompresa, mtambo ukiunguruma ili mtu asisikie, akaninong'oneza namba zake. Skrubu ya juu ifungue mizunguko mingapi, ya kati mingapi, geji ya ukutani ya kupimia upepo isome ngapi kwa rangi nzito, ngapi kwa nyepesi. "Usimwambie mtu," akasema. Nilizitunza namba zile miaka yote. Hata kwenye daftari sikuziandika, kwa sababu daftari linaweza kusomwa.

Karakana ilikuwa imebaki mikononi mwa Mama Anjela, mjane wa mwenye nayo, ambaye mnamfahamu. Alikuwa hajui rangi na hakujifanya anajua. Akili yake nusu ilikuwa karakana na nusu shambani kwake kule juu, kwenye kahawa na mboga. Mwaka ninaouzungumzia, Upendo alikuwa na miaka kumi. Tulipata kazi ya magari sita ya kubebea watalii, yote yapakwe rangi moja ya mchanga kabla msimu haujachanganya. Mimi nikapewa matatu, Loishiye matatu. Mwenye magari alikuwa mtu wa kupitisha kiganja juu ya boneti huku amefumba macho.

Asubuhi moja alifumba macho juu ya mlango, akauliza, "Huu kapaka nani?" Akaambiwa ni Loishiye. Akasema, "Basi yule apewe na mengine." Mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele ya gari la pembeni nafunga gazeti kwenye taa. Nilisikia kila neno.

Jioni ile Loishiye alipoondoka nilibandua gazeti lake la majaribio ukutani, nikalikunja, nikaenda nalo nyumbani. Nikalipima kwa rula ya shule ya Upendo. Umbo lilikuwa sawa na langu, urefu na upana. Nikakaa kitandani na lile gazeti magotini. Mtu hawezi kufika kwenye umbo lile kwa bahati. Nikasema, huyu kaniibia mkono. Amekuwa akinichungulia miaka yote hii, huku anakula ndizi zangu.

Kesho yake nikamwomba Mama Anjela nihamie kona ya nyuma, nyuma ya stoo ya bampa za zamani. Nilimdanganya kwamba mbele kuna vumbi la barabara. Nikaning'iniza turubai kuukuu, nikajifungia ndani na gari. Mpira wa upepo haukufika kule, kwa hiyo nilinunua mwingine, ule mwembamba wanaojazia matairi, nikauunga na wa zamani kwa viunganishi viwili vya kubofya. Kutoka kwenye geji ya ukutani hadi mkononi kwangu ikawa hatua ishirini na tano. Nilijiona mjanja sana.

Wiki ileile rangi ikaniharibikia.

Gari la kwanza pale kona lilitoka na ganda la chungwa ubavu mzima. Nikatoka nje ya turubai, nikaenda kusoma geji. Inasoma vilevile kama alivyoninong'oneza Mzee Salimu. Nikarudi, nikafyatua kwenye gazeti, bunduki inatema. Nikaongeza tina, rangi ikawa nyepesi ikatiririka mlangoni kama machozi. Nikapiga msasa, nikaanza upya. Ganda tena. Huku upande wa mbele, Loishiye anamaliza gari na kulikabidhi, na yule mwenye magari anafumba macho na kutabasamu.

Nikajiuliza ni nani anapita karibu na geji mimi nikiwa nyuma ya turubai. Jibu lilikuwa moja. Mimi nikiingia ndani anapunguza upepo, nikitoka anaurudisha. Ndiyo maana kila nikienda kuangalia nakuta uko sawa.

Nikaweka mitego. Kwenye skrubu za bunduki nilichora alama kwa rangi ya kucha ya Mama Upendo, na alama zile hazikusogea hata kidogo. Mtu mwingine angetulia. Mimi nikasema, amejua kuna alama, anarudisha palepale. Nikabandika unywele kwenye kile kinundu cha ukutani cha kuzungushia upepo. Asubuhi unywele haupo. Kwamba kompresa ile ilikuwa inatikisa ukuta mpaka vikombe vinahama mezani, sikukumbuka. Nikabandika mwingine ukabaki, nikasema leo aliogopa. Mnaona hali yangu. Ukiwepo ni yeye, usipokuwepo ni yeye.

Siku nyingine nilitokeza kichwa ghafla kwenye turubai, nikamkuta Loishiye amesimama katikati ya karakana, anautazama mpira wangu pale chini. Akasema, "Eliudi, huu mpira—"

"Achana na mpira wangu," nikamkatiza. "Angalia kazi yako."

Akanitazama kwa ile tabia yake. Kisha akaenda zake. Nami nikafunga turubai kwa pini za nguo.

Gari la tatu lilipokataa, mwenye magari alimwambia Mama Anjela kwamba hayo yangu atayapeleka kwingine. Siku hiyo, saa nne, wote tukiwa kwenye benchi tunakunywa chai, Mama Anjela aliuliza kwa upole, "Fundi Eliudi, tatizo ni nini? Nieleze nielewe."

Nikaweka kikombe chini. Nikasema tatizo ni mtu. Nikasema kuna mtu anachezea upepo wangu, na mtu huyo ameketi hapa anakula andazi.

Loishiye alikuwa anatafuna, akamaliza kutafuna. "Umeniona?" akauliza.

"Sijakuona. Unajificha vizuri."

"Umeniona, Eliudi, au hujaniona?"

"Geji iko sawa, skrubu ziko sawa, mkono wangu ni uleule. Kilichobaki ni wewe."

Mama Anjela akasema tusubiri, tuite fundi wa kompresa, tusihukumiane kwenye chai. Mimi nikasema ama yeye ama mimi. Nilikuwa nimeshapanda juu na sikujua kushuka. Loishiye alisimama, akavua ovaroli, akaikunja vizuri kama nguo ya kanisani, akaiweka kwenye benchi. Akachukua bunduki yake, maana kila mpaka rangi huja na yake na kuondoka na yake. Akamwambia Mama Anjela, "Mama, sitaweza kufanya kazi mahali ambapo geji ikisoma vizuri mimi ndiye mwizi." Akatoka getini. Alikuwa na watoto wanne.

Aliondoka, na rangi ikaendelea kutema. Hapo ningepaswa kuona haya, lakini mtu wa mashaka hakosi pa kwenda. Nikamshuku muuza tina kwamba anachanganya. Nikaishuku baridi ya mwezi wa saba, ule ukungu wa Meru unaoshuka asubuhi na kufanya rangi iwe nzito na bomba lijae maji. Nikamshuku hata marehemu mwenye karakana kwamba alinunua kompresa mbovu.

Siku ya kumi hivi, Mama Anjela alikuja kona ya nyuma kunitafuta. Akafunua turubai bila kubisha, akasimama, akatazama chini. "Fundi, mbona mpira wako mwembamba hivi, na mrefu?"

"Ni wa kunifikisha huku, mama."

"Mimi nilinunua wa namna hii nimwagilie kabichi. Kwenye bomba maji yanakuja kwa nguvu, mwisho wa mpira yanadondoka. Nikautupa." Akaniambia alichokuja kuniambia, cha gari fulani, akaondoka. Sidhani kama alijua amesema nini.

Nilikaa pale kama mtu aliyemwagiwa hayo maji ya kabichi. Kisha nikaenda kuazima geji ndogo ya kufungwa kwenye mkia wa bunduki, chini ya mshikio. Nikaifunga. Bila kufyatua inasoma sawasawa na ya ukutani. Nikafyatua. Mshale ukashuka nusu na kubaki hapohapo. Nikaachia, ukapanda. Nikafyatua, ukashuka.

Hili lisikilizeni vizuri, ndilo la kazi. Upepo ukisimama, geji zote husema jambo moja, hata mpira uwe mwembamba kama mrija. Ukianza kutembea ndipo unaona umefika kiasi gani. Mpira mwembamba unakula upepo, urefu unakula, kila kiunganishi kinakula. Kwa hiyo upepo haupimwi ukutani. Unapimwa mkononi, kifyatulio kikiwa kimevutwa, rangi ikitoka. Mimi nilikuwa nasoma geji ya ukutani huku bunduki imening'inia kwenye msumari, halafu naenda kumtafuta mwizi.

Hakuna aliyekuwa ameugusa upepo wangu. Niliuua mwenyewe, kwa mpira nilioununua ili Loishiye asinione.

Nikang'oa ule mpira, nikafunga mnene, nikaondoa turubai. Kesho yake nilitoa ubavu wa gari laini kama sahani. Mama Anjela akafurahi. Mtu mmoja kwenye chai akasema, "Mnaona sasa? Tangu yule Mwarusha aondoke rangi imenyooka." Wengine wakaitikia. Mimi nilikuwa na andazi mdomoni. Nilingoja limalizike niseme ukweli, likamalizika, nikachukua lingine.

Hivyo ndivyo nilivyofanya, sina namna nzuri ya kulieleza. Nilinyamaza siku ile kwa aibu, wiki iliyofuata kwa sababu siku ile nilinyamaza, na baadaye kwa mazoea.

Loishiye alianza kupaka mageti na vitanda vya chuma kando ya barabara ya Moshi, pale Makumira. Mimi nilikuwa nimesharudi kuishi Kikatiti, kwa hiyo kila siku nilipita mbele yake asubuhi na jioni. Nilikuwa nachagua kiti cha upande wa pili. Hakuna gari lolote zuri lililopelekwa kwake, kwa sababu habari za mpaka rangi anayechezea upepo wa mwenzake zilishafika kila karakana mjini. Mama Upendo aliniuliza shemeji haji siku hizi kwa nini. Nikamwambia ana kazi nyingi. Akanitazama kama ninavyoitazama chai yake.

Ilipita miaka minne. Upendo akafika kipaimara. Mnajua kwetu Walutheri, siku hiyo wazazi wa ubatizo husimama nyuma ya mtoto. Jina la Loishiye lilikuwa kwenye cheti. Upendo akasema, "Baba, nenda kamwambie baba mdogo." Nikamwambia tunaweza kutafuta mtu mwingine. Mama yake akaweka mwiko chini. "Mtu mwingine kwa nini? Amefariki?" Basi nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo siyaandiki, na kwamba nisirudi nyumbani kabla sijapita Makumira.

Nilimkuta anapaka geti la mtu, rangi ya kijani. Mpira wake ulikuwa mnene na mfupi. Mvi zilikuwa zimemwingia. Aliniona, akaendelea mpaka akamaliza bawa zima la geti, kwa sababu rangi haisimamishwi katikati. Akashusha barakoa.

"Karibu."

"Ahsante. Loishiye, ulikuwa ni mpira."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Siku uliyoufunga. Nilikuja nikuambie, ukasema niachane na mpira wako."

"Sasa kwenye chai kwa nini hukusema? Mbele ya wote?"

Akaitundika bunduki kwenye msumari. "Ningesema ni mpira, ungesema nini?"

Nilitaka kujibu, nikaona jibu ninalo. Ningesema, mmeona, kama si yeye amejuaje? Hakuna neno ambalo angelitamka siku ile nisiligeuze kuwa ushahidi.

"Nilipima gazeti lako," nikamwambia. "Lilikuwa sawa na langu. Nilidhani umeniibia namba za Mzee Salimu."

Hapo ndipo alipocheka, kidogo tu, na haikuwa ya furaha. "Yero, rafiki yangu, Mzee Salimu alinipa namba zake nyuma ya kompresa, wiki yake ya mwisho. Akanikataza nisikuambie."

Tulikaa pale, watu wazima wawili, kila mmoja na siri ya mwenzake. Nilimweleza habari ya kipaimara. Akasema atakuja, mtoto hajamkosea. Kisha akaniambia anataka kitu kimoja tu kutoka kwangu. Hakutaka nimpigie magoti, hakutaka mbuzi wa kupatanishwa, wala kurudi Ngarenaro hakutaka. "Ulinisema kwenye chai, saa nne, watu wakiwa wamekaa. Kaseme vilevile, saa nne, watu wakiwa wamekaa."

Nikamwahidi.

Alikuja kanisani na suti ya kahawia, akasimama nyuma ya Upendo, mkono begani mwake. Upendo alilia. Wakati wa chakula nilimtafuta, Mama Upendo alikuwa amempikia ndizi, lakini alikuwa ameshaondoka. Nadhani alikwenda kungoja ahadi.

Sikuitimiza. Kila Jumatatu nilisema leo, na saa nne ikifika naona kuna mgeni, au kuna mvua, au Mama Anjela hana raha. Na si kunyamaza tu. Vijana wapya walipoanza kazi, kuna aliyekuwa akiwapa ile hadithi ya Mwarusha aliyechezea upepo, kwamba chunga geji yako usije ukafanyiwa alivyofanyiwa Fundi Eliudi. Nyinyi nyote mmeisikia. Mkaja kuniuliza mimi, mzee ni kweli? Nami nikawajibu, "Angalia tu geji yako." Siku ile mliponiaga nilisimama nimeshika kipaza sauti, saa nne na nusu, mmekaa wote, nikawaambia vaeni barakoa.

Wiki iliyopita nilikwenda Makumira. Nilimwambia Loishiye nimeiandika, na kwamba Mama Anjela amekubali nije Jumatatu niwasomee kwenye chai. Nikamwomba aje. Akaniuliza, kati ya waliokuwa kwenye benchi siku ile, wangapi bado wapo. Nikahesabu. Nikamwambia ni Mama Anjela peke yake, wengine wamehama, wawili wamefariki.

Akarudi kwenye kazi yake, akapuliza mara moja kwenye gazeti, akaliangalia umbo.

"Basi umechelewa," akasema. "Lakini soma."

Ndiyo hii ninaisoma. Loishiye hakugusa upepo wangu hata siku moja.